Ngoma si adui: muziki wa kuwawekea watoto wanapoigiza historia

Hii ni sehemu ya nne ya mfululizo wetu wa watoto na likizo. Leo nilikuwa zamu ya asubuhi, nimerudi, nimekula, nimemnyonyesha mdogo kalala, sasa nimekaa. Ninachoandika kimetokea ndani ya nyumba yangu hapa Tunduma, na naandika nikiwa na aibu kidogo, maana mimi ndiye ninayesimama kliniki kuwafundisha wenzangu.

Ni habari ya muziki. Sio ule wa baa, huo tumeshauzoea pamoja na honi za malori yanayosubiri kuvuka. Nasema muziki tunaowawekea watoto chini chini wakati wanaigiza hadithi za zamani.

Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha tatu, alikuja kwetu likizo ya Juni. Anapenda historia kupita kiasi. Siku ya pili tu akawa ametunga mchezo. Yeye ni msimulizi, wadogo zake na watoto wa jirani kila mmoja anapewa nafasi: huyu mpagazi, huyu askari, huyu mama aliyebaki kijijini na watoto, huyu mwenye dawa. Msimulizi anasema, "Mmefika mtoni, maji yamejaa, mnafanyaje?" Kila mmoja anajibu kwa nafasi yake, halafu wanarusha dadu ya ludo. Ikitoka moja, mzigo umeenda na maji. Ikitoka sita, wamevuka wote. Hakuna bando la katuni, hakuna kugombania rimoti. Jioni zenye baridi zile watoto saba wamekaa kwenye mkeka sebuleni wametulia (jiko la mkaa liko nje, msije mkanikumbusha), mimi nikasema Mungu ahsante.

Na hadithi aliyoichagua ni ya hapa hapa kwetu. Wengi hatujui kwamba Vita ya Kwanza ya Dunia ilipita mlangoni petu. Mwanzoni mwa Novemba 1918 jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck lilipita ukanda huu, likavuka na kushambulia boma la Waingereza la Fife, ng'ambo ya mpaka, upande wa Nakonde. Ulaya vita ikaisha tarehe 11 mwezi ule. Wao kule porini habari ikawafikia siku mbili tatu baadaye wakiwa wameshafika mto Chambeshi, na silaha wakaja kuzikabidhi tarehe 25 Novemba pale Abercorn, ndiyo Mbala ya leo. Nyuma ya kila askari kulikuwa na wapagazi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 25 na zaidi, yaani nusu mfuko wa saruji kichwani, siku nzima, kwa miguu. Waingereza peke yao waliandikisha karibu watu milioni moja kwa kazi hiyo katika vita yote ya Afrika Mashariki, na waliokufa wanakadiriwa kukaribia laki moja. Wengi hawakufa kwa risasi. Ni kuhara, malaria, kichomi, njaa na kuchoka. Kariakoo mnakoagiza nguo za kuja kuuza huku ilipata jina kwa hao hao, kikosi cha wapagazi, Carrier Corps.

Kwa hiyo mchezo ni mzuri, tena sana. Kosa lilikuja na sabufa.

Kijana akasema hadithi bila muziki imepooza. Akaingia kwenye simu, akaandika kwa Kiingereza maneno ya kutafuta ngoma za vita za Afrika. Zikaja nyingi. Ukizisikia unajua: mngurumo mzito, mbiu za watu wasioeleweka wanaongea lugha gani, pigo linakuja taratibu halafu linakimbia. Akazipanga kwenye simu. Kukiwa na hatari usiku, ngoma. Adui akinyemelea, ngoma. Wageni wenye mapanga wakitoka vichakani, ngoma na mayowe. Halafu afisa wa Kizungu akitokea kwenye farasi, anaweka fidla na tarumbeta, muziki wa filamu, mzuri, mpaka unasisimka. Hakukusudia ubaya. Alichukua kilichokuwa juu kwenye orodha.

Mimi niko jikoni nasonga ugali, nasikia, nafurahi. Na nakiri hapa mbele yenu: ni mimi niliyesema, "Ongeza kidogo na mimi nisikie."

Baada ya kama wiki binti yangu wa miaka mitano akaanza kuamka saa tisa usiku analia. Anakumbuka alichoota na anakieleza. Hiyo ni ndoto mbaya, sio ile hofu ya usiku ambayo mtoto anapiga kelele saa chache tu baada ya kulala, macho kayatoa lakini hakutambui, na asubuhi hana habari. Halafu akakojoa kitandani, mara mbili, wakati alishaacha mwaka mzima. Nikampima mkojo, hakuna maambukizi. Nikajiambia labda ni mdogo wake aliyezaliwa, wivu, mambo hayo yapo. Mimi nesi, natafuta sababu kila mahali isipokuwa kwenye sabufa yangu.

Jumamosi tukaenda sherehe Mlowo, upande wa mume wangu. Mnajua sherehe zetu, baada ya spika na MC watu wazima wakashika ngoma zao za Kinyiha. Pigo la kwanza tu, mtoto akaning'ang'ania kiunoni, anatetemeka mwili mzima.

"Mama, wanakuja."

"Nani wanakuja?"

"Wale wabaya."

Na aliyekuwa anakuja kutuvuta tukacheze ni bibi yake. Mama mkwe wangu, mtu ambaye ujana wake wote alikuwa wa kwanza kuitwa uwanjani ngoma ikilia. Alinyoosha mkono, mjukuu akajificha uso. Mama hakusema kitu pale. Jioni tunaosha vyombo ndio akaniuliza, polepole, hata hakunitazama: "Mwanangu, mjukuu wangu amefundishwa na nani kunikimbia?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nalo, sikuweza kulisema.

Sasa hapo ndipo msimamo wangu ulipotoka, na najua wengine mtaupinga. Mimi nasema muziki wa chini chini sio pambo. Mtoto wa miaka mitano hasikilizi hadithi kwa maneno peke yake, maneno mengine ya msimulizi hata hayaelewi. "Boma" hajui, "mpagazi" hajui. Anachokishika ni sauti: hapa tuogope, hapa tufurahi, huyu mwema, huyu mbaya. Jioni kumi mfululizo nyumba yangu ilimwambia binti yangu kwamba ngoma ni adui na fidla ni mwokozi. Alielewa vizuri kabisa. Tatizo ni mimi niliyekuwa sisikii tunachomfundisha.

Kuna mama aliniambia kazini, "Lakini dada, vita si inatisha? Unataka wadhani ilikuwa pikiniki?" Hapana. Itishe. Ila woga utoke kwenye hadithi yenyewe. Mwambie mtoto, ubebe nusu mfuko wa saruji, jana hujala, mwenzako anaharisha na mnamuacha njiani. Kimya. Mimi niliwajaribu hivyo wiki ya pili, bila muziki wowote, wale wakubwa walikaa kimya mpaka nikasikia mtoto wa jirani anameza mate. Yule wa miaka tisa akauliza, "Kwa nini wasimrudie?" Hilo ni swali la historia. Sabufa haikuwahi kumtoa swali.

Na kitu kingine ambacho kijana wetu mwenyewe alikigundua alipoanza kusoma zaidi, kikanifurahisha mno. Wale wapagazi na askari waliporudi, walikuwa na mchezo wao wa kuigiza vita ile ile, na muziki wakauchagua wenyewe. Ni beni. Jina limetoka kwenye bendi. Ilianza pwani, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, watu wanaiga bendi za kijeshi, wanavaa sare, wanapeana vyeo vya kifalme na vya jeshi, wanapiga gwaride. Vikundi vyake vikubwa viliitwa Marini na Arinoti. Vita ilipokuja, beni ikasafiri bara pamoja na askari na wapagazi, ikafika Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yaani kulia na kushoto kwetu. Na wenzetu wa Ziwa Nyasa mpaka leo wana mganda: wanaume wamepanga mstari kama paredi, wamependeza, ngoma kubwa, na vipenga vya vibuyu vinavyolia kama tarumbeta za jeshi.

Fikirieni hilo. Mtu aliyebeba mzigo vitani, aliyezika wenzake njiani, alipotaka kuikumbuka vita hakupiga ngoma ya kuogofya watoto. Alimchukua ofisa na tarumbeta lake, akamgeuza dansi, akamcheza. Kama wao walioiona walichagua hivyo, sisi tunaokaa sebuleni na simu tunaharakia wapi kuweka mayowe?

Basi tukabadilisha. Sikupiga marufuku, maana ukimpiga marufuku kijana wa kidato cha tatu atahamia kwenye chumba chake na watoto watamfuata huko huko. Nilimwambia tu: kila sauti utakayoweka, niambie wakati ule ingetoka wapi. Nani angeipiga, pale, mwaka ule. Swali hilo moja lilifuta karibu orodha yake yote. Mwaka 1918 hakuna redio hapa. Ya kwanza Tanganyika ilianza Dar es Salaam mwaka 1951. Hakuna gitaa la umeme. Alikuwa ameweka hadi Mbaraka Mwinshehe kwenye kambi ya wapagazi, mama mkwe akacheka mpaka akashika ukuta: "Huyo amezaliwa 1944, alifikaje kwenye vita ya babu zangu?"

Kilichobaki ni vitu ambavyo nyumbani tunavyo. Novemba huku ni mwanzo wa mvua, kwa hiyo mvua: maharagwe makavu kwenye kopo, mtoto mmoja anatikisa. Kijiji: kinu na mchi, bibi anatwanga kweli huko nje, wala haigizi. Safari: nyayo, wanapiga mapaja taratibu. Kambi ya jeshi: mtoto wa jirani analia kama tarumbeta kwa kutumia bomba la plastiki, mara moja tu, basi. Na ngoma ikarudi, lakini kazi yake ikabadilika. Inalia wapagazi wanaporudi nyumbani. Inalia mtoto akizaliwa. Anayeipiga ni bibi au anayefundishwa na bibi.

Kama lazima utumie simu, maana sio kila nyumba ina bibi mwenye nguvu, tafuta muziki wenye mwenyewe. Uwe na jina la aliyepiga au la watu waliopiga, na mahali. Ukiona imeandikwa "Afrika" tu, ujue kuna mtu amekaa studio mahali fulani anabahatisha. Mzee Hukwe Zawose wa Dodoma, aliyefariki 2003, ilimba na zeze lake vinapatikana, na kwa safari ndefu ya usiku ukiweka chini kabisa unapata utulivu wa ajabu. Ni Mgogo, si Mnyiha, na watoto waambiwe hivyo. Kuna pia rekodi alizofanya Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi ala na ngoma za watu mbalimbali. Baadhi zipo mtandaoni. Zina mikwaruzo kidogo, na hiyo mikwaruzo yenyewe watoto waliipenda, wanasema inasikika kama zamani.

Nyimbo zenye maneno mimi naziondoa, hata ziwe nzuri namna gani. Mtoto mdogo akisikia maneno mawili kwa pamoja, ya msimulizi na ya mwimbaji, anapoteza yote. Masikio ya mtu mzima yanaweza kuchambua, ya mtoto bado. Ndiyo maana pia darasa lililo karibu na barabara kuu linamchosha mtoto kuliko sisi tunavyodhani.

Kuna mchezo mmoja tu ambao nyimbo naziruhusu, nao ni ule wa reli. Tulipochoka na vita tukahamia TAZARA, ujenzi wa 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na inapita hapa hapa mpakani. Huko redio zipo. Mfanyakazi wa kambi jioni angesikia Radio Tanzania, angesikia Morogoro Jazz, NUTA Jazz. Hapo sasa Mbaraka akaruhusiwa kuingia, mama mkwe akampokea kwa vigelegele. Na kijana akagundua kwamba ng'ambo Zambia miaka ile ile vijana walikuwa wanapiga roki ya magitaa makali, bendi kama WITCH. Basi treni likivuka kuingia Nakonde, muziki nao unabadilika. Watoto wa Tunduma hilo halihitaji maelezo, wanavuka kila siku. Lakini hata huko wimbo unalia wakati wa mapumziko, dakika mbili tatu, kisha anauzima ndio hadithi inaendelea.

Sauti iwe kiasi gani? Shirika la Afya Duniani linasema kwa mtoto, sauti ya desibeli 75 isizidi saa 40 kwa wiki nzima, na kila ikipanda desibeli 3 muda huo unakatika nusu. Najua hakuna mwenye kipimo nyumbani. Kaa umbali wa mkono mmoja na mtoto, ongea kawaida. Kama unalazimika kupaza sauti, punguza. Sabufa isiwekwe sakafuni sehemu watoto walipokaa, maana kichwa chako kiko juu, cha kwake kiko usawa wa spika. Unachosikia wewe sicho anachosikia yeye. Na mchanga kama huyu wangu wa miezi saba asilazwe chumba hicho kabisa. Kulala kwake haina maana hasikii.

Saa moja kabla ya kulala, zima. Watoto wa miaka mitatu na minne wanahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku ukijumlisha na usingizi wa mchana, na mwili uliojaa mapigo ya moyo haulali vizuri hata akifumba macho. Sisi sasa tunacheza saa kumi na mbili, saa moja na nusu wanakula, saa mbili wadogo wako kitandani. Na kabla ya kuachana kila mmoja anavua nafasi yake, anasema jina lake halisi: mimi sio askari tena, mimi ni fulani. Hilo nilibuni mwenyewe, wakubwa wananicheka, wadogo hawakubali kulala bila kulisema.

Akianza kukojoa kitandani baada ya kuacha, usimchape na usimtangaze kwa majirani. Mlete kituoni apimwe mkojo kwanza, halafu ndio tutafute kilichomshtua. Ikipita wiki mbili bado anaamka kwa woga kila usiku, njoo pia, usiseme atazoea.

Binti yangu? Kukojoa kuliisha siku chache baada ya sabufa kuondoka sebuleni. Ngoma ilichukua muda. Bibi yake hakumlazimisha hata siku moja. Alichukua ndoo ndogo ya Blue Band iliyokwisha, akaifunga mfuko mgumu juu, akaiweka karibu na kinu anapotwanga, akaendelea na shughuli zake. Siku tatu mtoto anaipita tu. Siku ya nne akaigusa kwa kidole. Sasa mchezo wa Ijumaa iliyopita walikuwa wanawapokea wapagazi waliorudi kutoka Mbala, na msimulizi akauliza nani atapiga ngoma ya kuwapokea. Mkono ulionyooka wa kwanza ulikuwa wake.

Alipiga mpaka akamwamsha mdogo wake, nami nikaacha ugali ukaungua kidogo chini.

Sehemu ya tano Jumatano, Mungu akipenda: masikio yanayotoa usaha, na kwa nini tuache kutia mafuta ya kupikia humo. Mwenye mtoto anayetoa usaha sasa hivi asisubiri Jumatano, aende kituo kesho asubuhi.